Neno Alilompa Rosebellah

Protus Wekesa hakuja Saudia kuwa kocha. Alikuja kuendesha gari la mzee mmoja mwenye maduka ya mazulia mjini Jeddah, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kupeleka watoto shule na kumpeleka madam kwa dada zake. Kabla ya hapo, huko Kakamega, alikuwa mpiga mateke wa timu ya raga, na mguu wake wa kulia ulijulikana hadi Nairobi. Goti ndilo lililomtoa uwanjani. Akaacha raga, akatafuta pasipoti kama vijana wenzake, akaondoka.

Ligi ya mpira wa Kimarekani ilipoanzishwa, klabu ya Jeddah iliyoitwa Murjan ilitangaza kwamba inatafuta watu waliowahi kucheza na mpira wenye umbo la yai. Protus akaenda kujaribu, nusu mzaha. Goti likamwangusha siku ya pili tu. Lakini kocha mkuu, Mmarekani mmoja mnene mwenye ndevu za mvi aliyeitwa Mike, alikuwa amemwona akiwaonyesha wenzake namna ya kuupiga mpira ukapaa juu na kuchelewa kushuka. Akamwambia abaki. Kafili wake, yule mzee wa mazulia aliyemdhamini, akakubali kumwachilia, ikama, yaani kibali cha kuishi, ikahamishwa, na Protus akajikuta kwenye benchi la ufundi la Murjan, Mkenya peke yake kati ya Wamarekani. Kocha Stephen alishika ulinzi, wengine walishika mashambulizi, na Protus akapewa mateke: wale wanaoupiga mpira, na yule anayeudaka ukipigwa na wapinzani, kisha akakimbia nao kuelekea kundi la wanaume wanaomjia mbio.

Huyo mdakaji ndiye mwenye kazi ya hatari kuliko wote uwanjani, na aliyeifanya pale Murjan aliletwa na Protus mwenyewe. Aliitwa Elly. Alikuwa mpakiaji mizigo kwenye bohari moja huko Al-Mahjar, kijana mwembamba wa Butere aliyecheza raga shuleni. Protus alimwona Ijumaa moja kwenye kiwanja cha vumbi ambako Wakenya hukutana kucheza, akiwapita watu kama mtu anayepita katikati ya mbuzi waliolala. Akamchukua hadi kwa Mike. Mike akamtazama akikimbia, akatema maganda ya mbegu za alizeti, akasema, "Huyu usimwonyeshe mtu mwingine."

Na kupitia kwa Elly, Protus akampata Rosebellah.

Rosebellah alikuwa dada mkubwa wa Elly. Baba yao alifariki Elly akiwa bado mdogo, mama akawa mtu wa kuuguaugua, na ni Rosebellah aliyemwogesha yule mtoto, akamvalisha sare, akamfuata kwa walimu alipofanya utundu. Alitangulia Saudia, akapata kazi ya ndani kwa madam mmoja huko Al-Rawdah, akavumilia miaka ya kwanza ambayo hakupenda kuisimulia. Elly alipokuja, ilikuwa kwa sababu dada yuko. Siku aliyotua Jeddah, Rosebellah alimwomba madam ruhusa, akaja uwanja wa ndege na chapati zilizofungwa kwenye foili, akamlisha pale pale mbele ya watu.

Ijumaa alasiri, madam akimruhusu, Rosebellah alikwenda Bani Malik kwa Shirleen, mama wa Kiamu aliyekuwa na nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, ambamo Wakenya walikutana kupika ugali na kuongea lugha yao bila kuangalia nyuma. Huko ndiko Elly alikomleta Protus, akamtambulisha kama "kochi wangu." Rosebellah alimtazama kutoka juu hadi chini huku mwiko uko mkononi.

"Wale majitu wanaomkimbilia ndugu yangu, wewe ndiye unayewatuma?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayemwonyesha pa kupita."

"Na asipopita?"

Protus akautazama ule mwiko. Rosebellah akacheka. Alikuwa na kicheko kinachokuja kwa kuchelewa, kama anayehakikisha kwanza kwamba jambo linachekesha kweli, na Protus akarudi kwake Ijumaa iliyofuata kutafuta kicheko hicho, na iliyofuata tena. Haukupita mwaka kabla Elly hajaanza kumwita shemeji. Desemba walikuwa waende nyumbani wote watatu, Protus akajulishwe kwa mama huko Butere. Shangazi walikuwa wameshaambiwa. Rosebellah alikuwa ameshachagua rangi ya kitenge, kijani cha majani ya chai, na kumtumia Protus picha yake mara kadhaa akiuliza kama hajabadilisha mawazo.

Msimu ule Murjan ilifika nusu fainali, ikacheza nyumbani Jeddah, ikashinda. Kuelekea mwisho wa mechi Elly alidaka mpira mmoja mrefu, akakimbia, na beki mmoja akamjia kutoka upande asioutazama. Mlio wa helmeti kwa helmeti ulisikika hadi kwenye benchi. Elly alibaki chini kwa muda, kisha akainuka, akapunga mkono kwa mashabiki. Daktari wa timu alimuuliza maswali machache pembeni mwa uwanja, akajibu yote. Usiku ule walikula kuku kwa Shirleen, na Elly akacheza muziki hadi Rosebellah akamvuta shati akae.

Fainali ilikuwa Riyadh, dhidi ya timu ya huko huko. Timu ikasafiri siku mbili kabla, ikawekwa kwenye hoteli moja kaskazini mwa mji. Asubuhi ya siku iliyotangulia mechi, Protus aliwaita wachezaji wake chumbani, akachora ubaoni njia ya kurudisha mpira ambayo walikuwa wameitumia tangu mwanzo wa msimu.

"Elly, onyesha mahali pako."

Elly alisimama mbele ya ubao, kalamu mkononi. Akaangalia ile michoro kama mtu anayesoma barua kwa lugha ngeni. Wenzake wakafikiri anatania, wakacheka. Elly naye akacheka, akaweka alama mahali, na hapakuwa mahali pake.

Baada ya chakula cha mchana Protus akapanda hadi chumbani kwa Elly. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Elly alikuwa amelala na taulo lenye maji usoni, na bafuni kulikuwa na harufu ya matapishi.

"Shemeji, funga mlango. Hiyo taa ya nje inanichoma macho."

Protus akafunga, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Tangu lini?"

"Tangu nini?"

"Elly."

Kijana akaligeuza taulo usoni. Kisha akasema, "Inakuja na kuondoka. Kesho itakuwa imeisha."

"Ulimwambia daktari?"

"Nimwambie ili iweje? Anitoe? Shemeji, hii ni fainali. Mama ameenda kwa jirani mwenye televisheni, wanatafuta stesheni itakayoionyesha. Nikishamaliza hii mechi nitalala mwezi mzima, naapa." Akaondoa taulo. Macho yalikuwa mekundu. "Usiniharibie. Wewe ndiye umenitoa bohari. Usinirudishe wewe mwenyewe."

Protus akashuka kwenye ngazi za dharura ambako hakukuwa na mtu, akampigia Rosebellah. Alipokea kwa kunong'ona. Nyuma yake sufuria zililia na sauti za wanawake zilisikika kutoka sebuleni; madam alikuwa na wageni.

"Elly hayuko sawa," Protus akasema. Akamweleza yote, kuhusu ubao, mapazia na matapishi.

Rosebellah akapunguza moto wa jiko. Kisha akasema, "Umeshamwambia Mike?"

"Bado."

"Usimwambie. Ngoja. Niache mimi niongee naye kwanza."

"Rosebellah, hili jambo si la kucheza nalo."

"Sijasema acheze! Skiza. Mimi ndiye nimemlea huyu mtoto. Akisikia kwangu, atatoka mwenyewe kwa mdomo wake, aseme mimi ni mgonjwa siwezi. Lakini akitolewa na watu, tena na wewe, atajiona ametupwa. Hataamka tena. Baba alipokufa nilimwona Elly, alikaa mwezi mzima hasemi. Nampigia nikishawapa hawa wageni kahawa. Haitafika magharibi."

"Mazoezi ya mwisho ni baada ya magharibi."

"Si basi muda upo? Niahidi."

"Sawa."

"Protus, sawa si ahadi."

"Naahidi," akasema.

Akamsikia akishusha pumzi. Halafu sauti ya madam ikaita jina lake, na simu ikakatika.

Saa ile ile Mike akaliita benchi lake la ufundi. Walikutana katika ukumbi mdogo wa hoteli, sinia la kabsa, wali wa nyama, likiwa limeliwa nusu, birika la chai pembeni, na michoro imebandikwa ukutani. Mike alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata siku moja: kabla ya mechi alizunguka meza nzima, kocha mmoja baada ya mwingine, akiuliza kuhusu watu wake. Hakutaka hotuba. Alitaka kujua kama wako tayari, na alimtazama kila mtu machoni anapojibu. Alisema kwamba kikao kile kilikuwa ndiyo mechi yao wao makocha. Baada ya hapo kazi ni ya wachezaji.

Stephen akajibu kwamba watu wake wako tayari. Wa mashambulizi wakajibu vivyo hivyo. Protus alikuwa ameshika simu chini ya meza, akaitazama. Hakukuwa na ujumbe. Akajaribu kuwaza jikoni kule Al-Rawdah, vikombe vidogo vya kahawa, tende, wageni wasio na haraka. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa na haki ya kungoja. Alikuwa ameahidi.

Lakini aliyeuliza alikuwa mbele yake. Akisema wako tayari, mpango mzima ungejengwa juu ya Elly, na jioni mazoezini, chini ya taa kali za uwanja, Elly angesimama peke yake akiitazama mipira inayoshuka, akiyategemea macho yale mekundu. Na kama Rosebellah asingepata nafasi ya kupiga? Na kama angepiga na Elly akamdanganya kama alivyotaka kumdanganya yeye? Protus alijiuliza hayo yote kwa muda ambao Mike alitumia kugeuza kiti.

"Pro. Watu wako?"

"Elly hawezi kucheza," Protus akasema.

Stephen akaweka kijiko chini. "Jana alikuwa anakimbia vizuri kabisa," akasema.

"Ni kichwa. Tangu ile mechi ya Jeddah. Anatapika, hawezi kuvumilia mwanga. Asubuhi hakujua mahali pake ubaoni."

Mike alimtazama bila hasira. Alionekana tu mzee ghafla. "Una hakika? Daktari akimwandika, jina lake linatoka kwenye orodha. Siwezi kulirudisha kesho nikijisikia."

"Nina hakika."

Mike akachukua simu, akamwita daktari. Hakungoja kikao kiishe.

Protus alipanda na daktari, lakini akabaki nje, mlangoni. Akasikia maswali yakiulizwa na Elly akijibu kwa sauti ya chini, kisha akisita, kisha akijibu tena. Katikati ya maswali simu ya Elly ikaita. Ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena. Protus alijua ni nani hata kabla Elly hajapokea, na akasikia kila neno kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Dada. Umechelewa. Wameshanitoa." Akasikiliza. "Shemeji ndiye amesema. Amewaambia wote kwenye mkutano."

Akasikiliza tena. Kisha Elly akasema, kwa sauti ya mtoto, "Usilie, dada. Usilie basi."

Fainali waliicheza bila yeye. Elly alikaa mwisho wa benchi akiwa amevaa suruali ya jinzi na miwani ya jua, taa za uwanja zikimfanya ainamishe kichwa, na hakuna aliyemwambia aondoke. Aliyechukua nafasi yake alijitahidi, lakini katika dakika za mwisho mpira mmoja ulimponyoka mikononi, Riyadh wakaudaka, wakafunga. Murjan ikashindwa kwa tofauti ndogo kabisa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemlaumu Protus kwa sauti. Stephen peke yake ndiye aliyepita karibu yake akasema bila kumtazama, "Siku moja tu, rafiki. Ungenyamaza siku moja tu." Kisha akaketi chini, mbele ya kabati lake, akafunika uso kwa taulo, akalia, mwanamume mzima mwenye wajukuu.

Vipimo vya Jeddah vilithibitisha kwamba ubongo wa Elly ulikuwa umetikiswa vibaya. Daktari aliyevisoma alisema pigo jingine lingeweza kumwacha kitandani maisha yake yote, au kumuua. Basi klabu ikasema mchezaji asiyeweza kucheza, halas, mkataba wake umekwisha. Na mkataba ukiisha, ikama nayo imekwisha. Protus alikwenda kwa meneja. Aliomba Elly apewe kazi ya kutunza vifaa, ya kufagia, yoyote, hadi apone. Alikwenda asubuhi, akarudi alasiri, akarudi kesho yake. Jibu lilikuwa lile lile, mafi, hakuna kazi, na mara ya mwisho meneja hakumkaribisha hata kukaa. Kwa sababu meneja mwenyewe alikuwa na kazi nyingine wiki ile: mmiliki wa klabu, aliyeudhiwa na fainali, alikuwa akilivunja benchi zima la ufundi. Mike, Stephen, wote waliambiwa wafungashe.

Mike alimwita Protus kwenye maegesho ya uwanja, mahali gari lake lilipokuwa limejaa maboksi. Alimpa mkono. "Nimeongea na watu wa Riyadh. Wanakutaka kwa mateke. Nenda." Kisha akasema, akitazama pembeni, "Nilikuwa na mchezaji huko Ohio. Miaka mingi sasa. Nilimwona anayumba nikajifanya sikuona. Siku hizi akienda dukani mke wake humwandikia anwani ya nyumbani kwenye karatasi, akamtilia mfukoni." Akapanda gari, akaondoka, na Protus hakumwona tena.

Siku Elly alipoondoka, Protus alikwenda uwanja wa ndege wa Jeddah. Rosebellah alikuwa pale, amevaa abaya, amemshika ndugu yake kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa. Protus alipokaribia, Rosebellah alirudi nyuma hatua chache, akawaacha wawili wale waagane. Elly alivua miwani.

"Sina kinyongo na wewe, shemeji," akasema polepole, kwani maneno bado yalikuwa yakimjia kwa taabu. "Nilikuwa nacho. Nimekitafuta leo asubuhi, sikukiona." Akajaribu kutabasamu. "Mwangalie dada."

Protus akamkumbatia. Alipogeuka kumtafuta Rosebellah, alikuwa ameshatangulia kwenye mstari wa mizigo, akisukuma sanduku la ndugu yake, mgongo umeinama.

Walikutana Ijumaa kwa Shirleen. Shirleen aliwaona nyuso zao, akachukua mtandio, akasema anakwenda dukani kununua vitunguu, ingawa kikapu cha vitunguu kilikuwa kimejaa pale miguuni pake. Rosebellah alikaa kwenye mkeka. Protus alikuwa amejiandaa. Alikuwa na picha za vipimo kwenye simu, akamwonyesha. Akamweleza alichosema daktari. Akamweleza kuhusu yule mchezaji wa Ohio. Akamweleza desturi ya Mike ya kuzunguka meza, na jinsi ambavyo mtu hangeweza kukwepa swali lile. Aliongea kwa muda mrefu, na kila alilolisema lilikuwa kweli.

"Umemaliza?" Rosebellah akauliza.

"Rosebellah, angeweza kufa."

"Najua. Daktari aliniambia hata mimi. Unafikiri mimi nilitaka ndugu yangu afe?"

"Sijasema hivyo."

"Nilikuwa nimesimama na trei mkononi, nikawaacha wageni wa madam, nikajifungia stoo ya mchele nimpigie. Madam alinitukana mbele ya watu siku ile, mimi sikujali. Nilikuwa najua ninachokwenda kumwambia. Nilikuwa nimekipanga neno kwa neno." Alijifuta macho kwa pembe ya abaya. "Nikakuta umeshapita."

"Sikuwa na namna."

"Sawa," akasema. Akasimama, akajitandia vizuri. "Madam anataka nirudi mapema."

"Tutaongea lini?"

"Sijui, Protus."

Protus akamsindikiza hadi chini, hadi kwenye teksi ya watu wengi iliyokuwa ikijaza abiria. Rosebellah alikaa kiti cha nyuma kati ya wanawake wawili wa Kihabeshi na hakugeuka. Baada ya siku ile hakupokea tena simu zake. Alijibu ujumbe mara moja moja, kwa maneno machache ya heshima, kama anayemjibu mtu wa ofisini. Desemba ikaja, ikapita. Protus hakwenda Butere.

Alihamia Riyadh. Benchi lao lilikuwa kubwa, watu wakarimu, chumba chake kilikuwa na kiyoyozi kisichopiga kelele. Alifanya kazi. Wapigaji wake wakawa wazuri, na wenzake wakampenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, bila kujua kwamba zamani alikuwa nayo.

Mvua za nyumbani zilipoanza, Elly akamtumia ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya haraka, yenye kucheka katikati ya maneno. Maumivu ya kichwa yalikuwa yameisha. Mwanga haukumsumbua tena. Shule aliyosoma ilikuwa imempa kazi ya kufundisha raga, na daktari wa Kakamega alikuwa amemwambia asigongane na mtu tena maishani, lakini kufundisha, afundishe hadi azeeke. "Nimepona, shemeji," akasema. "Nimepona kabisa."

Protus aliusikiliza ujumbe ule amesimama jikoni, akausikiliza tena. Halafu akafanya kosa la mtu mwenye matumaini: akamtumia Rosebellah, akaongeza chini yake, "Umeona?" Jibu likaja kesho yake. "Nimesikia. Mungu ni mwema." Hakuna kingine.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya kawaida, kabla ya adhuhuri, simu yake ilipoita na jina la Rosebellah likatokea. Protus aliuacha mpira chini, akatoka uwanjani bila kuaga.

"Niko hapa Riyadh," Rosebellah akasema. "Nimetoka Jeddah asubuhi, nabadilisha ndege. Naenda nyumbani. Nimemaliza kazi kwa madam, sirudi tena. Nikaona si vizuri nipite juu ya kichwa chako kama ndege, bila hata salamu."

"Usikate. Nakuja."

"Protus, nimeshavuka ukaguzi. Hawatakuruhusu kuingia huku."

"Nakuja," akasema.

Aliendesha kwa namna ambayo hakuwahi kuendesha wakati ule ilipokuwa kazi yake. Alipofika, akaingia ukumbi wa kuondokea, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kizuizi ambapo askari huangalia tiketi. Nyuma ya askari kulikuwa na ukuta wa kioo kisichoonyesha upande wa pili. Akampigia.

"Niko hapa. Nje ya kioo."

Nyuma ya Rosebellah mtoto wa mtu alikuwa akilia. "Umekuja kweli," akasema.

"Rosebellah, Elly amepona. Hukuona? Kila kitu kiko sawa sasa. Kama ningengoja siku ile..."

"Usianze," akamkata, lakini kwa upole. "Tafadhali. Kila tukiongea unaniletea sababu. Sababu zako zote nazijua, Protus. Nazikubali. Ulimwokoa ndugu yangu, na kila usiku nakuombea kwa hilo. Lakini mimi uliniambia naahidi, na saa hiyo hiyo ukaenda ukanivunjia. Umeleta daktari, umeleta Mike, umeleta mtu wa Ohio. Miezi yote hii nilikuwa nangoja useme neno moja tu, na hukulisema."

Protus aliegemea nguzo. Watu walipita na masanduku yao. Alitafuta sababu yoyote iliyobaki moyoni mwake na akaona hataki kuitumia.

"Nisamehe," akasema. "Nilikupa neno langu, nikalivunja. Nisamehe, Rosebellah."

Akamsikia akilia. Alilia kwa muda, bila kuficha, na Protus naye akajifunika uso kwa mkono kwa sababu askari alikuwa anamtazama.

"Nimekusamehe," Rosebellah akasema hatimaye. "Nilikuwa nimeshakusamehe. Nilitaka tu kusikia."

"Basi nakuja nyumbani. Msimu ukiisha naomba likizo, nakuja Butere kwa mama, na wazee wangu..."

"Hapana."

"Rosebellah."

"Hapana, Protus. Nimejaribu. Nimekaa na hili jambo jikoni kwa madam siku zote hizi. Nikikuwaza, nakuona mlangoni pale hotelini, na Elly ndani ananiambia nimechelewa. Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini siwezi kulala nyumba moja na hilo." Spika za uwanja zikatangaza safari ya Nairobi, kwa Kiarabu na Kiingereza, na sauti ikasikika mara mbili, hewani na ndani ya simu. "Ndiyo yetu hiyo. Acha niende."

"Unasafiri na nani?"

"Kuna wasichana wengine wa Kenya, tuko pamoja. Usijali." Akasita. "Kula vizuri. Elly aliniambia umekonda kwenye picha."

"Nitakula."

"Haya. Kwaheri, Protus."

"Kwaheri, mama."

Hakuwahi kumwita hivyo hapo kabla. Ni neno ambalo wanaume wa kwao huwaita wake zao. Rosebellah alilisikia, kwa sababu alivuta pumzi, kisha simu ikakatika.

Protus alibaki pale hadi safari ya Nairobi ilipofutika kwenye ubao wa matangazo. Akarudi kwenye maegesho. Jua lilikuwa limelichoma gari, usukani haushikiki, akaacha milango wazi na kukaa kiti cha abiria, miguu nje, akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake wa kwao msibani, bila kujali nani anapita. Dereva mmoja Mpakistani aliyekuwa akingoja wageni alikuja, akamwekea chupa ya maji kwenye dashibodi, akaondoka bila kuuliza kitu.

Alipoweza kushika usukani, akawasha gari, akaelekea uwanjani, kwa kuwa mazoezi ya jioni yalikuwa bado.